Kinda la Mbizi

Mwezi jana nilipanda pikipiki kutoka Kamina hadi kwenye ziwa la upande wa Kabongo, alikozaliwa mama. Hujawahi kufika huko, rafiki yangu, basi nikueleze kidogo. Enzi za utoto wangu huko, kulipokucha tulisikia kwanza michi ikitwanga muhogo, kisha ndege weusi wakitua kwenye miti ya kufungia nyavu.

Walikuwa wa aina mbili. Bibi alinifundisha kuwatofautisha tulipokuwa tukianika samaki. Mnandi ana mdomo uliopinda nchani kama ndoana. Akizama humng'ata samaki, na akimfuata wavuni huuchana wavu. Mbizi ana shingo kama nyoka na mdomo kama sindano. Humchoma samaki ubavuni, humrusha juu, humeza. Wakitoka majini wote hutandaza mabawa juani, na kwa mbali utadhani ni ndugu.

Msimu mmoja wa mvua niliokota kinda la mbizi lililoanguka kutoka kiotani. Nililifuga nyuma ya jiko, nikalilisha vidagaa mpaka likaota manyoya na kunifuata kila nilipokwenda kuchota maji.

Asubuhi moja mjomba alirudi kutoka ziwani, wavu umechanika vibaya, mnandi aliyekufa akining'inia mkononi. Akamwona ndege wangu. Nikamkimbilia mjomba.

"Yomba, hii haiko ile ya kupasula nyavu! Angaria mudomo yake!"

Alichuchumaa, akamshika ndege wangu kichwa, akaulinganisha mdomo wake na wa mnandi, taratibu.

"Eee, ni kweli," akasema. "Haifanane."

Kisha akamsokota shingo.

Bibi aliwapika wote katika chungu kimoja. Nyumba nzima ilikula kwa wavu wa mjomba, naye hakuthubutu kumpinga. Mjomba akaniwekea vipande viwili, kimoja cha kila ndege, juu ya bukari, ugali wetu wa muhogo.

"Kula. Kisha utuambie: ya kwako njo gani?"

Watu wazima walicheka. Nilitafuna machozi yakinidondoka, na nyama zote zilikuwa na ladha moja ya samaki.

Safari hii bibi hayupo tena. Nilimkuta mjomba mzee, ameketi ufukweni. Ndege hakuna hata mmoja. Vijana hutupa nyavu popote, kisha hurudi na mitumbwi mitupu.

"Zamani tulikuwa tunaangaria fasi bile bindege binazama, tunajua samaki iko pale," aliniambia. "Sijui bilikwenda wapi."

Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mzaha. Haikuwepo. Alikuwa amesahau kabisa ndege aliowaua.