Jumatatu ya Lini?

"Tanti, mbona wewe hucheki?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama juu ya stuli katika duka lake la kushona hapa Nyamirambo, Kigali, ananipima sketi ya shule. Tanti Illuminée, yaani Shangazi Illuminée, alikuwa na pini mdomoni. Hakujibu. Nikadhani ni sababu ya pini.

Baadaye mama ndiye aliyenieleza. Illuminée aliishi Tabora miaka kumi na saba. Kule kuna watani. Mtu akifa wanakuja msibani kufanya fujo: wanamwigiza marehemu, wanamsema kwa uvivu wake, wanamwambia aamke, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Kununa ndiyo aibu. Majirani wakampa na yeye utani, ingawa ni mgeni. "Wewe Mnyarwanda, maziwa yamekujaa kichwani!" Mwaka wa kwanza alikuwa analia chumbani. Mwaka wa tatu akawa anawajibu. Mume wake alipofia hukohuko, ni hao hao waliomchekesha mpaka akala.

Akarudi Kigali. Mwaka haujaisha, shemeji yake Gratien akafariki. Gratien, mume wa mdogo wake Christella, alikuwa seremala Gisozi. Kila mteja alimwambia "njoo Jumatatu", na Jumatatu ikifika, kitanda hakuna. Msibani watu walikaa kimya kwenye viti vya plastiki, kama tunavyokaa sisi. Illuminée akasimama mbele ya jeneza.

"Shemeji! Amka, watu wanangoja vitanda! Ulisema Jumatatu. Jumatatu ya lini?"

Mama anasema ungesikia mtu akiweka kikombe chini. Christella akainuka, akamwambia neno moja la Kinyarwanda: "Genda." Yaani ondoka. Hakusema naye tena. Hata kwenye misa, wakati wa kutakiana amani, aligeukia benchi la nyuma.

Tangu hapo mimi namjua Tanti hivi: mteja akimwambia ameharibu kitambaa, anasema "sawa." Arnaud wa duka la viatu akimtania kwamba cherehani yake imezeeka kuliko Kigali, "sawa." Ni sawa ile ile. Nimeisikiliza sana, sijaona tofauti.

Mwezi uliopita, mimi nina miaka kumi na tano sasa, nilikuwa pale nangoja mama. Christella akaingia. Zaidi ya miaka sita tangu msiba! Akaweka kitenge mezani.

"Gauni. Ingrid wangu anaolewa."

Tanti, pini mdomoni, akachukua utepe, akampima mabega, kifua, kiuno, akaandika. Mimi nikawa nahesabu vifungo kwenye kopo.

"Njoo Jumatatu," Tanti akasema, kama anavyowaambia wote.

Christella alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akageuka.

"Jumatatu ya lini?"

Nilijiziba mdomo. Tanti alimtazama tu, kama anavyomtazama mtu aliyeuliza bei ya zipu. Christella akangoja. Akangoja tena kidogo. Kisha akaenda.

"Tanti! Alikuwa anakutania! Mbona hukucheka?"

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake.

"Nilikuwa bado naangalia kama ni utani ao ni tusi," akasema. "Nilipojua, ameshavuka barabara."