Klasi Iliyobaki

Hapa gazetini binti huyu tulimwita Fundi, ingawa hakuwahi kushika nyundo. Kazi yake ilikuwa kuandika programu ya kupeleka makala zetu kwenye tovuti mpya. Mimi, msahihishaji, meza yangu ilitazamana na yake, kwa hiyo uchovu wake niliuona kwa karibu. Alikuwa akifika asubuhi akiwa ameshamwogesha baba yake, ameshambadilishia shuka na kumlisha. Baba huyo ndiye aliyekuwa mhariri wetu mkuu, kabla hajapooza upande mmoja.

Tovuti ilikuwa na itifaki yake, yaani utaratibu wa kupokea makala, na kila kitu kilichotajwa humo Fundi alikiundia umbo lake ndani ya programu. Maumbo hayo wenyewe huyaita klasi. Palikuwa na klasi ya Makala, ya Mwandishi, ya Mkusanyiko. Ilibaki moja tu, Rasimu: kialama kinachoiambia tovuti kwamba makala hii bado, isionyeshwe. Makala ikifika bila kialama hicho, tovuti huihesabu kuwa tayari.

"Si uimalize tu hiyo?" nilimwambia.

"Kesho, jamani. Macho yananiuma. Leo najaribu na mkusanyiko mmoja usio na mambo."

Usio na mambo! Alichagua ule ambao hakuna aliyekuwa akiugusa: tanzia tunazoandika mapema, za watu wakubwa wanaougua. Magazeti hufanya hivyo, ila hatupendi kulisema. Akabonyeza, zote zikapanda kwenye tovuti bila kialama, wazi kwa kila msomaji. Ya tatu ilikuwa ya baba yake. Aliiandika mwenyewe mwaka jana, kwa amri ya bosi.

Nilimwona uso ukimshuka. Mzee hufungua tovuti yetu kila asubuhi kwa ule mkono mzima. Fundi hakuogopa kufukuzwa kazi. Aliogopa baba yake ajue tumeshamzika, tena kwa mkono wa mwanawe. Akaanza kuziondoa. Simu ikaita kabla hajafika ya tatu, akaiweka spika.

"Mama, nimekufa lini?" Ndivyo mzee amwitavyo bintiye. Maneno yalikuwa yakijikokota.

"Baba, nisamehe. Ni kosa langu."

"Nimeisoma mpaka mwisho." Akapumua kwanza. "Umeandika nilikuwa nakusubiri getini ukitoka shule, hata siku gazeti linapokwenda mitamboni. Nilidhani umesahau."

"Sijasahau hata kidogo."

"Sasa mbona huniambii? Siku hizi kwako ni dawa tu, shuka, geuka huku, geuka kule."

Fundi alilia mbele ya ofisi nzima, na mimi nikajifanya nasahihisha. Ukweli ni kwamba alichoka mno. Kila jioni alimhudumia baba yake kama mtu anayewahi basi, na mazungumzo ndiyo yaliyokatwa kwanza.

"Itoe hapo," mzee akasema, "ila usiifute. Aya ya pili ndefu mno. Jioni uje nayo, tuipunguze pamoja."

Akaitoa. Hakwenda hata kunawa uso. Aliandika ile klasi iliyobaki, akaiwekea sharti kwamba makala isiyosema kama iko tayari au bado ihesabiwe kuwa rasimu. Wakati wa kutoka akaichapa ile tanzia kwenye karatasi, akaja mezani kwangu kuazima kalamu nyekundu.