Kaka Yangu Mkanada na Jina la Mwanawe

Nimeshuhudia mtu akipoteza nchi nzima kwa sababu ya jina la mtoto ambaye kitovu chake kilikuwa hakijadondoka.

Nchi yenyewe ni Kanada. Mtu mwenyewe ni kaka yangu wa tumbo moja, Stanislas.

Mimi nafundisha fizikia Butembo, mashariki ya Kongo. Hadithi za wachawi mnazopeana humu kwenye kundi kila Jumapili huwa nazipita. Hii haina mchawi, kwa hiyo wanaopenda wachawi waishie hapa.

Twende.

Mwaka 2000, vita imetukalia shingoni. Beni na Butembo ziko chini ya waasi, wanajeshi wa Uganda wanapita na magari yao, barabara ya Kasindi inafungwa na kufunguka kama mlango wa choo cha shule.

Katika hali hiyo kaka yangu akashuka kwenye ndege pale Mavivi amevaa koti la theluji.

Joto la Beni mnalijua.

"Stani, hili koti?"

"Ni habitude, Séphora. Kule mwili inazoea."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Mwili ulikuwa umezoea nini, sikuelewa.

Alikuwa ameondoka mwaka 1996, vita ya kwanza ilipoanza. Akapita Kampala, akapita Nairobi, mwisho akapokelewa Kanada na kupewa ukaazi wa kudumu. Kwetu tunaita *papier*. Mtu mwenye papier ni mikiliste, na mikiliste hakosei. Kanisani aliwekwa benchi la mbele. Baba yetu, mzee Abdias, aliyenikatalia pesa ya chuo akisema msichana hana haja, aliuza kiwanja Butembo ili kumfanyia karamu.

Na Stanislas alipenda kutufundisha sheria.

"Kule hakuna udanganyifu. Mwenye papier hapana kaa inje zaidi ya nusu mwaka. Ukipitisha, basi, banasema umeacha inchi. Ni loi! Hapa kwenu kila kitu ni maneno-maneno."

Kwenu. Yeye aliyezaliwa barabara moja na mimi.

Alikuja kuoa. Mabinti wa wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walipitishwa mbele yake kama vitambaa sokoni, naye akawakataa wote. Akamtaja msichana wa Beni ambaye hakuna mtu nyumbani aliyemjua. Kyakimwa, mshonaji. Alisema walijuana zamani kwenye kwaya.

Mbuzi wa mahari walipelekwa. Nami nilienda na ujumbe wa familia.

Baba yake Kyakimwa alikuwa ameshafariki. Mama yake aliitwa Kahongya, mwanamke mfupi, mwenye kusema maneno machache kana kwamba yananunuliwa. Na palikuwa na mtoto wa kike, miaka kama mitano, anayebeba viti na kukimbizana na kuku.

"Huyu ni nani?"

"Emérence. Njo mutoto wangu wa mwisho," alisema Mama Kahongya.

Nikamtazama mama. Nywele nyeupe. Nikamtazama mtoto. Nikafanya hesabu, ikakataa.

"Na jina lake la nyumbani?"

"Emérence inatosha, mwalimu. Kunywa chai."

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Sisi Wanande hatuchagui jina la nyumbani la mtoto. Jina linafuata foleni ya tumbo la mama. Mvulana wa kwanza ni Paluku, au jina jingine la nafasi hiyo. Msichana wa kwanza ni Masika. Na kama mama amezaa msichana, hata mmoja, halafu foleni ikageuka akaja mvulana, huyo ni Muhindo. Ukiniambia jina lako, nimeshajua nani alikutangulia. Kwa hiyo mtoto wa Kinande anayetambulishwa kwa jina la ubatizo peke yake ni kama chupa isiyo na lebo kwenye maabara. Huigusi, lakini unakumbuka ulipoiona.

Siku hiyo Stanislas alimwita yule mtoto, akampa biskuti.

"Sema: aksanti, shemeji."

"Aksanti, shemeji."

"Bien! Rudia."

Akarudia. Mtoto mwenye akili, nilisema moyoni. Anashika haraka.

Kaka alioa, akarudi Kanada kulinda papier. Mwanzoni mwa 2001 akaja tena. Kyakimwa alikuwa karibu kujifungua, na ubalozi wa Kanada kule Nairobi ulikuwa umemwita kwa mahojiano ili amfuate mumewe. Stanislas alipanga kila kitu. Mke ajifungue, mtoto aandikishwe, waende Nairobi watatu, kisha yeye apande ndege kabla nusu mwaka haujamwishia.

Kyakimwa alijifungua Beni. Mvulana.

Nilikuwepo. Stanislas alisimama mlangoni, koti begani, akatangaza:

"Paluku! Paluku wangu amefika!"

Mama Kahongya alikuwa amempakata mtoto. Hakuinua kichwa.

"Muhindo," alisema.

"Hapana, mama. Ni premier. Paluku."

"Paluku gani, mukwe wangu? Huyu ni Muhindo."

"Mama, tulisikilizana..."

"Tulisikilizana juu ya bazungu. Bazungu badanganye unavyotaka, ni mambo yenu. Tumbo ya mutoto wangu hapana. Ukipinda foleni ya majina, unaita kifo kwa batoto."

Kyakimwa aligeukia ukuta.

Emérence alikuwa anachungulia mlangoni, kidole mdomoni.

Mnakumbuka ile chupa isiyo na lebo? Lebo ndiyo ile imejibandika.

Nilikiri kwa nafsi yangu kwamba nilifurahi kidogo. Mikiliste asiyekosea ameuziwa mke mwenye mtoto! Nikamvuta kaka yangu nje, nyuma ya jiko, kumpa habari kwa utulivu kama daktari.

"Stani. Mke wako aliwahi kuzaa. Msichana. Ni yule Emérence."

"Najua."

"Unajua?"

"Séphora, punguza sauti. Ni wangu."

Kuku wakaendelea na mambo yao.

Akanieleza, akitazama viatu vyake. Kyakimwa alizaa kabla vita haijaanza. Stani alipokimbia, mtoto alikuwa anatambaa. Kampala alikutana na mtu wetu mmoja, Malachie, bingwa wa kueleza mambo ya Ulaya na Amerika. Malachie alimwambia: kama unataka kwenda haraka, sema huna mtu. Célibataire. Mtoto atakuzuia. Basi kaka yangu alipoulizwa Nairobi kama ana mtoto, alisema hapana, akatia sahihi. Nyumbani Beni, Mama Kahongya akamfanya mjukuu kuwa mtoto wake ili kuficha aibu.

"Sasa mtaje. Useme ulikosea, mumchukue," nilimwambia.

"Weye hauelewe! Nikisema leo kama niko na mutoto, bataniuliza juu ya nini nilisema hapana. Papier yangu inaenda."

"Kwa hiyo mnamwacha."

"Anabaki na bibi yake. Tutakuwa tunatuma vitu. Nguo, viatu."

"Beni hii? Yenye risasi?"

"Kuna batu wanaishi hapa, hapana?"

Huyo ndiye aliyetufundisha kwamba kule hakuna udanganyifu.

"Na jina?" niliuliza. "Padri ameshasikia Muhindo. Ataandika Muhindo kwenye cheti cha ubatizo."

Akacheka. Kicheko cha mikiliste, kinachotokea puani.

"Aandike! Bazungu ya Nairobi batajua nini juu ya Kinande?"

Wakaenda. Barabara ya Kasindi ilikuwa wazi kwa bahati, wakavuka mpaka, wakapanda basi la Kampala, kisha la Nairobi. Emérence aliachwa amesimama karibu na mashine ya kushona ya mama yake, aliyezoea kumwita dada.

Wakarudi mapema kuliko ilivyopangwa. Watatu, bila viza.

Stanislas alitoa maelezo yake kwa familia nzima: mkalimani wa ubalozi alikuwa mtu wa wivu, adui wa Wanande, kalipwa na mtu. Wazee wakatikisa vichwa, wakalaani wenye wivu.

Mimi nikaenda jikoni kwa Kyakimwa. Alikuwa anamenya viazi.

"Wifi, nieleze kilichotokea. Si kile cha sebuleni."

Akaweka kisu chini.

"Mwalimu, yule mutu hakuwa na wivu hata kidogo. Alikuwa Mukonzo wa Kasese."

Wakonzo wa Uganda ni sisi wenyewe. Lugha karibu moja, majina yaleyale. Mpaka ndio uliotukata.

"Muzungu aliuliza kwa Kiingereza, yule akageuza kwa Kiswahili. Kila kitu muzuri. Halafu akaniuliza jina ya mutoto. Nikasema Muhindo. Akacheka na furaha, akanisalimia kwa luga yetu. Akasema: 'Muhindo! Na dada yake, hajambo?'"

"Alikuwa anakutega?"

"Kutega? Ni salamu tu! Weye ukikutana na mama wa Muhindo, haumuulizi dada yake?"

Ningemuuliza. Kila mtu wa kwetu angemuuliza. Ni adabu ya kawaida, kama kuuliza habari za safari.

"Ukajibu nini?"

Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Stani alikuwa amenifundisha. Mutu akiuliza juu ya hii jina, niseme ule wa kwanza alikufa. Nilikuwa na ile neno hapa, kwa ulimi. Mais lakini, nilimuona Emérence vile tulimuacha kwa mashine. Nikasema moyoni, risasi zote za Beni zimemukosa, sasa miye mama yake njo nimuue na mdomo?"

"Ukasema..."

"Nikasema: hajambo, yuko Beni kwa mama yangu. Muzungu akauliza, munasema nini? Yule kijana akaanza kujuta, ilionekana kwa uso. Mais kazi yake ni kugeuza maneno. Akageuza."

Akachukua kisu, akaendelea na viazi.

"Sijute, wifi."

Faili likasimama. Stanislas akapanda ndege kwenda kutetea papier, akaitwa kujieleza kwa nini alisema hana mtoto, na papier ikachukuliwa. Yule mtu wa loi aliondolewa kwa loi. Mwaka 2003 alikuwa tena Butembo, anauza vipuri vya pikipiki. Koti alikuja nalo.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuwahi kulieleza sebuleni. Nilimwandikia mimi mwenyewe mwanasheria wa mambo ya uhamiaji kule Nairobi, kwa sababu napenda kujua mambo yalivyo. Alijibu kwamba mwaka ule wa 1996 mtoto hakuwa kizuizi hata kidogo. Angetajwa tu, angekuwa kwenye faili la baba yake, na siku moja angeondoka kwa njia halali. Mzigo wote ulitoka kwenye mdomo wa Malachie.

Malachie mwenyewe hajawahi kupata papier ya nchi yoyote. Nasikia bado yuko Kampala, anashauri watu.

Emérence alirudishiwa jina lake, Masika. Alianza kumwita Kyakimwa mama, na ilimchukua muda, lakini ilikaa. Baba yake naye alitaka lake.

"Sema papa."

"Ndiyo, shemeji."

Watu walidhani ni utoto, kwamba utapita. Haukupita. Hakuwa na hasira wala matusi. Alimsalimia kila asubuhi, alimpelekea maji ya kuoga, alimwita shemeji. Amekua, amekuwa muuguzi. Shemeji.

Miaka michache iliyopita aliposwa na kijana wa Lubero. Familia ya kijana ikaja na mbuzi wa mahari. Kwa desturi yetu, mbuzi wa binti hupokewa na baba. Stanislas alijua desturi hiyo vizuri sana siku hiyo. Alifika kabla ya wageni, akaketi kwenye kiti cha mbele, amevaa koti.

Msemaji wa wageni akasimama, akauliza kwa adabu: "Baba wa binti ni nani, tumukabidhi mifugo?"

Kaka yangu akanyanyuka, akakunja mikono ya koti.

Masika alitoka ndani na trei ya vinywaji. Akaiweka mezani taratibu. Akamshika mkono kwa heshima zote, kama anavyoshikwa mgeni aliyekosea njia.

"Shemeji," alisema, "kwetu shemeji hapokei mbuzi. Kaa hapa na bageni wengine, nikuletee Fanta."

Akamgeukia mdogo wake Muhindo, kijana mrefu sasa, akamkabidhi kamba za mbuzi.

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyekaribia.

Mnaosubiri funzo kwenye mkia wa simulizi, langu ni la mwalimu. Msiulize kama mtoto atakumbuka ulichomfundisha. Atakumbuka. Kaka yangu alimfundisha mwanawe neno moja tu maishani, kwa biskuti, akamwambia arudie.

Alifaulu.