Ufa Unaoingia Kidole

Wiki iliyopita tanuri letu la mikate hapa Kakese lilipasuka. Lilipasuka ubavuni, karibu na mdomo wa kuingizia kuni, na mjukuu wangu, ambaye mikate ndiyo shughuli yake, akaona moshi unatokea pasipo pake. Hakuja kuniambia mimi. Alikwenda kwenye simu. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya tanuri anaangalia mtu wa nchi nyingine akiziba jiko lake, na mama yake, mkwe wangu, amesimama nyuma amejishika kiuno.

"Acha mambo ya simu, tuite fundi," anasema mama.

"Fundi yupi, Mama? Yule wa matofali? Si atakuja na saruji?"

"Kwani saruji ina ubaya gani?"

Nikawaambia nyie wote nyamazeni, nileteeni stuli. Ubaya wa saruji niliujua nikiwa na miaka minane au tisa, sina hakika, kwetu hatukuwa tunaandika. Na wewe unayesoma, vuta ukae, nikueleze kama nilivyowaeleza wao.

Nimezaliwa Ikola, ziwani. Asubuhi ya kwetu ilikuwa inanuka dagaa walioanikwa mchangani, na kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kunguru na kuku. Ukizubaa unachapwa. Wavuvi walitoka na taa kwenye siku za giza, maana mwezi ukiwaka samaki hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni na wanaume wanashona nyavu. Kwa hiyo kitoweo cha siku za mwezi ulitakiwa ukikaushe siku za giza. Nyumba isiyokausha ilikula ugali kwa chumvi.

Sisi tulikuwa na tanuri. Lilikuwa la bibi, mama yake baba. Ukuta wa udongo wa mviringo, unanifika kifuani, chini mdomo wa kuni, juu chanja la miti mibichi ambapo migebuka, samaki wa ziwa letu, walilala wamepangwa kichwa kwa mkia. Moshi wake uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye maji ya kunywa. Nikiusikia leo mahali, nasimama.

Jirani yetu alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alisaidia kuvuta nyavu akapewa fungu lake, na kwa kuwa hakuwa na tanuri, bibi alimkaushia pamoja na wa kwetu. Ili wasichanganyike, kila mkia wa samaki wake ulifungwa uzi wa mgomba. Kufunga ilikuwa kazi yangu.

Mwaka ule mvua ilipiga upande mmoja mpaka tanuri likafunguka ufa. Bibi akasema, "Kamwiteni mfinyanzi." Huyo mfinyanzi alikuwa mama wa Kifipa, alikaa juu mlimani, mwendo wa asubuhi nzima. Ndiye aliyelijenga. Lakini alikuwa hana haraka: siku moja ya kukanda na kuziba, siku tatu za kukausha kwa moto mdogo wa magunzi, na ukimharakisha anafunga khanga yake anaondoka. Na siku za giza zilikuwa zimeshaanza.

Baba ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Mpanda, kwenye kibarua cha kujenga shule. Alirudi na nusu mfuko wa saruji aliopewa, ameufunga vizuri kama mtoto. Akasema, "Mama, nimejenga darasa zima, watoto wanasoma ndani. Nishindwe na hiki kijungu chako?"

Mama yangu akacheka. "Baba watoto, darasa huliwashii moto."

"Wewe pika."

Bibi akasema, "Haya, ziba. Likianguka usinitafute." Bibi yangu hakuwa mtu wa kulegea, na siku hiyo alilegea. Nilikuja kuelewa nilipozaa wa kwangu. Mwanawe alikuwa amerudi na kitu anachokijua, akataka kumwonyesha mama yake. Ungemkatalia wewe?

Baba akachota mchanga wa ufukweni, ule wenye vikonokono vyeupe vidogo, akachanganya na saruji, akaziba, akalainisha kwa chupa iliyoloweshwa. Ukuta uling'aa. Watu walipita kuutazama. Mimi nilijivuna nikamwambia mtoto wa jirani asiuguse.

Siku mbili mbele mitumbwi ikaja imejaa, asubuhi. Tukapanga samaki wetu na wa jirani, chanja likajaa mpaka pembeni. Bibi akawasha. Moto ulipokolea tukasikia pa! pa! kama bisi kwenye chungu. Vile vikonokono vilikuwa vinapasuka ndani ya ukuta. Bibi akainua kichwa. "Ulitia nini humu?" Kiraka kilikuwa kinaachana na udongo tukikiona kwa macho. Kikadondoka, ukuta ukafuata, chanja likainama, samaki wakaporomoka motoni.

Mama aliwatoa kwa mikono mitupu. Baba naye. Jirani alikuwa amekuja na kikapu chake, akasimama nacho pale. Waliotoka wazima hawakufika nusu, na nyuzi zangu za mgomba zilikuwa zimeungua zote. Hakuna aliyejua samaki huyu ni wa nani.

Bibi akachukua kile kikapu cha jirani, akaanza kujaza wazima. Akajaza wote.

"Mama, na nyie mtakula nini?" jirani akauliza.

"Sisi tuna tanuri," bibi akasema, vifusi vikiwa miguuni pake.

Tulikula wale wa majivu. Siku zote za mwezi, mchanga ulilia kwenye meno. Baba alikuwa wa kwanza kwenye sahani na hakutema hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata tanuri kuanguka, baba hakuwepo. Hakuna aliyemtuma. Alasiri tukamwona mfinyanzi anateremka mlima, mikono mitupu, na nyuma yake baba amebeba kichwani kikapu cha udongo wa kichuguu, jasho linamtiririka na wanawake wa njiani wanamshangilia kama bibi harusi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa yule mama: mkono uliobomoa ndio unaobeba udongo. Tena hakushika kazi mpaka uliyeziba mwenyewe useme mbele ya wote ulichochanganya.

"Saruji," baba akasema.

Mama mfinyanzi akangoja.

"Na maji."

Akangoja tu.

"Na mchanga wa ziwani."

"Vikonokono ulivichambua?"

"Hapana, mama."

Nilidhani atamcheka. Akapapasa kipande kilichodondoka, akasema, "Una mkono mzuri. Hii ungeweka bafuni ingekaa. Mahali pa maji weka saruji yako, pa moto niachie." Na kweli saruji iliyobaki baba alisakafia bafu la bibi, na bibi kila akioga alilisifu kwa sauti ili baba asikie.

Mimi nikaambiwa nikanyage udongo. Udongo wa kichuguu, majivu kidogo, nyasi zilizokatwakatwa, maji. Nilikanyaga mpaka vidole vikapotea. Kila nikisimama ananiambia, "Bado." Akanionyesha ufa mwingine mdogo upande wa pili. "Tia ukucha. Ukiishia kwenye ukucha, ziba mwenyewe, usinisumbue. Ukiingia kidole, ukuta umehama, niite. Wala usione aibu." Halafu tukangoja siku tatu za moto wa magunzi, na baba ndiye aliyeukalia.

Juzijuzi nilipelekwa Ikola msibani. Ziwa limepanda. Pale lilipokuwa tanuri pana maji ya kiunoni, na watoto wanaoga. Bafu la bibi nalo liko chini. Nikauliza habari za mfinyanzi, wakaniambia alikufa zamani, wanawe hawakushika kazi, siku hizi ni ndoo za plastiki na sufuria. Nikasimama majini mpaka waliokuja nami wakaniita kwenye gari. Watu wote niliokutajia hapa hawapo. Nimebaki mimi ninayejua ule moshi ulinuka vipi.

Basi nikasogeza stuli mbele ya tanuri letu. Hili nililijenga mwenyewe tulipohamia Kakese, mjukuu hajazaliwa. Nikatia ukucha kwenye ufa. Nikatia kidole, kikaingia mpaka kifundo cha pili.

"Huu si wa kuziba kwa simu," nikasema. "Wa fundi."

"Si ndivyo nilivyosema!" mkwe akadakia.

"Sasa fundi wa udongo tunampata wapi, Bibi?"

Nilitaka kunyanyuka nikanyage mwenyewe. Magoti yakakataa. Nikamtuma mkwe kichuguuni na kikapu, na mjukuu nikamwambia aweke simu chini, avue viatu.