Mvinyo wa Australia Ndani ya Chungu

Jamani, bado naona aibu. Siku hizi Dar vitu vya nje vimejaa madukani, basi jana mjomba akaja na chupa ya mvinyo wa Australia, wauonje na baba na mwalimu mkuu wangu.

"Eliza, tuandalie."

Nikaona haya kuuliza unaandaliwaje. Nikafuata bibi anavyoandaa pombe ya ulezi: nikaumimina chunguni, nikaongeza maji ya moto, nikachomeka mirija mitatu.

Mwalimu akavuta, akafumba macho. "Nasikia zabibu, na moshi kwa mbali."

Mjomba akavuta, akaruka. "Eliza! Umeufanya nini mvinyo wangu?"

"Nimeutia maji ya moto, mjomba."

Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu hakuachia mrija. "Binti, ongeza mengine, unapoa."