Karani anataka kidole cha mume wangu

Ndugu zangu wa Kabambare, leo nimemshusha mutoto mgongoni nikamwambia karani kwamba ndiye bwana wa nyumba.

Msicheke kwanza.

Nilikwenda kwenye nyumba ya akiba hapa Kasongo kuomba warudishe ile feza waliyokuwa wakikata kila mwezi, ati ya kututunzia akiba. Kwa kukatwa hivyo, akiba yenyewe imekwisha. Mutoto ana homa, na unga iko wa leo tu.

Karani alinisikiliza vizuri. "Mama, haki yako iko. Lakini mume wako atie kidole cha wino hapa kwenye karatasi."

"Feza ile ni ya mupunga, na mupunga niliuza mimi."

"Najua. Lakini mwanamuke hatii kidole peke yake. Lete mwanaume wa nyumba."

Ndipo nikamshusha mutoto. Ana jina la baba mkwe, na kwetu mwenye jina la mzee ni mzee.

"Huyu hapa. Umwamkie."

Loo! Karani akasimama kweli, akapiga makofi ya heshima. "Jambo sana, Mzee!" Watu wote wakacheka. Hata mimi.

Kisha akauliza polepole, "Na baba yake?"

"Alikwenda Lusangi kuchimba madini. Tangu mvua za kwanza sina habari."

Kicheko kikakatika. Sikuwa nimemwambia mutu, hata ninyi.

Atakayepita Lusangi amwambie simdai feza wala nguo. Aje atie kidole. Akitaka kurudi huko, simzuii. Ila kwanza ampakate mutoto, hajamwona bado.

Na mkisikia habari yake, hata mbaya, niandikieni.