Vidonge vya Baba na Uji wa Bibi Minza

Msimu wa kupulizia pamba, kijiji chetu chote cha Ngulyati kilinuka dawa ya wadudu. Harufu kali ya kukwaruza koo, inaingia hadi kwenye ugali, hadi kwenye blanketi, na mimi hadi leo nikiisikia nafunga madirisha. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kulialia. Nimeishia darasa la nne, lakini nina malori sita na mashine ya kukoboa mpunga hapa Bariadi, na wapo wenye digrii zao wanaosimama nikiingia. Utotoni nilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa na miaka kumi, msomaji wa nyumba yetu alikuwa mimi. Barua ikija, naitwa mimi. Dawa zikitoka hospitali, bahasha nasoma mimi, nimesimama katikati ya uwanja kama katekista, na wakubwa wamenyamaza wananisikiliza.

Mwaka huo baba alisumbuliwa sana na tumbo. Akila tu, kichefuchefu, akilala, kiungulia. Daktari akamwandikia vidonge vidogo vyeupe, vikaja kwenye bahasha ya kaki: kimoja kutwa mara tatu, kabla ya chakula. Jina la dawa nililisoma herufi moja moja mpaka likanikaa kichwani. Vikamsaidia, baba akarudi shambani, na vilivyobaki mama akavichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango. Kwetu kitu kizuri hakitupwi. Dawa iliyomponya baba ilikuwa mali ya nyumba nzima, kama jembe.

Basi siku moja wazazi walikwenda kupulizia pamba wakaniachia mdogo wangu Kabula, miaka mitano, anatapika tangu alfajiri. Nilijua la kufanya. Nilipanda juu ya kinu, nikachomoa bahasha, nikampa kimoja. Akakitapika. Nikampa kingine. Katikati ya hayo akapita Bibi Minza, mjane jirani yetu, mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichokuwa akipikia maisha yake yote. Akarudi kwake, akaja na uji kwenye kibuyu. "Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "mtoto anatapika na tumbo tupu hivi? Mpe kidogo kidogo, usimkabe." Akamnywesha mwenyewe, akamfuta mdomo kwa kitenge chake, akaenda. Jua lilipofika utosini nikampa Kabula kidonge cha tatu, kwa sababu bahasha ilisema mara tatu, na mimi nilitaka amalize mapema apone. Kutapika kukakoma. Nikajiona daktari.

Alasiri shingo yake ikaanza kugeuka. Ilijipinda yenyewe kuelekea begani, taya likakaza, ulimi ukatoka nje, macho yakapanda juu mpaka ukabaki weupe mtupu. Na bado alikuwa na akili zake, maana machozi yalimtoka na mkono wake ulinishika shati. Nilipiga yowe, watu wakaja mbio kutoka mashambani, baba mbele yao na bomba la kupulizia bado mgongoni. Alimtazama Kabula, akanigeukia mimi.

"Leo huyu mtoto kalishwa na nani?"

Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu. Baba alikuwa na mkono mzito, na mimi ndiye niliyesifiwa kijiji kizima kwa kusoma. Nikasema, "Bibi Minza alimletea uji."

Sikudanganya. Uji aliuleta. Mganga akaitwa, akapasua kuku, akatazama matumbo yake, na jina lile lile likatoka. Mwanaume mmoja akasema, "Macho yale mekundu mlidhani ni ya bure?" Wengine wakacheka, cheko la watu wanaokwenda kufanya jambo. Wakaichoma nyumba ya Bibi Minza, wakampa muda hadi jua lizame awe ameondoka. Alipita mbele ya uwanja wetu na kigoda chake kichwani, damu sikioni, akasimama. "Kabula anaendeleaje?" akauliza. Hakuna aliyemjibu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Tulisikia kafika kwa ndugu zake huko Mkula, na kabla pamba haijavunwa tukasikia amekufa. Amekufa kwa nini, hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ile ya kwanza baada ya kumfukuza, Kabula aliamka shingo imenyooka, akaomba kiazi. Kijiji kizima kikasema, mnaona? Mchawi kaondoka, mtoto kapona. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini, kwa sababu kuamini kulinipa usingizi.

Miaka michache iliyopita tumbo likanishika mimi. Daktari akaandika, nikaenda duka la dawa hapa mjini, na dada wa pale akanisomea jina lile lile la vidonge vya baba. Akaanza maswali: una kifafa? Unatumia dawa nyingine yoyote? Nikamwambia, "Dada, mimi naendesha malori sita, nitashindwa kumeza kidonge?"

"Malori hayahusiki hapa, baba," akasema. "Kimoja mara tatu, nusu saa kabla ya kula, siku tano, basi. Ukisahau kimoja au ukikitapika, usiongeze kingine juu yake. Ukiona shingo inakakamaa, taya linakaza, macho yanapanda juu, acha dawa, kimbia hospitali, kuna sindano ya kuliondoa hilo. Na ukibakiza usimpe mtu, mtoto ndiyo kabisa. Watoto inawapinda vibaya."

Nilikaa kwenye benchi lake. Akaniletea maji akidhani ni tumbo.

Siku hizi nyumbani kwangu dawa za kila mtu ziko mbali na za mwenzake, zinafungiwa, na zinazobaki zinarudishwa duka la dawa. Mjukuu akitapika anapandishwa gari, anapimwa uzito, ndipo anapewa cha kumeza. Hospitali iko karibu, hela ya kulipia ninayo, na sina tena wa kumwogopa. Kwa hiyo nilikwenda kwa Kabula. Ana duka la vitenge na wajukuu wawili, na hajawahi kuwaruhusu wale chakula kwa ajuza yeyote. Nilimweleza yote, kidonge kwa kidonge. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono begani kama anayembembeleza mgonjwa.

"Kaka, una huruma mno. Shingo yangu ilinyooka alipoondoka yule mama. Mimi ndiye niliyelogwa, si wewe."

Nikafungua mdomo nimwambie tena. Akanimiminia chai, akauliza pamba mwaka huu inanunuliwaje. Nikamjibu habari za pamba.